Maegesho ya Mtu Mwenye Ulemavu Dar es Salaam: Mwongozo Kamili wa Kuyaomba na Kuyatumia

Mimi natumia kiti mwendo, na gari ninaloendesha ni dogo la otomatiki ambalo fundi amelifungia wenzo wa mkono wa kusukumia breki na mafuta. Kushuka kwangu huanza kwa kufungua mlango wa dereva hadi mwisho wake. Kisha nalaza kidogo kiti nilichokalia, navuta fremu ya kiti mwendo kutoka upande wa abiria, naipitisha juu ya kifua hadi nje, nachomeka gurudumu la kwanza, naigeuza, nachomeka la pili, naweka mto, ndipo nauhamisha mwili. Siku nikiwa na nguvu kazi hiyo huchukua dakika nne. Yote hayo, hata hivyo, yanategemea kuwapo kwa uwazi wa mita moja na robo hivi kando ya mlango wangu, na uwazi huo usipokuwapo, hata nikipewa nafasi inayogusana na mlango wa benki, sitashuka. Mara mbili nimewahi kushuka salama, nikamaliza shughuli zangu, nikarudi na kukuta gari jingine limebanwa kando ya langu kiasi kwamba hata paka asingepita katikati. Mara ya pili nilisubiri juani kwa saa moja na nusu.

Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wanaoomba maegesho ya mtu mwenye ulemavu huomba ukaribu, na wenye majengo, wakiwa na nia njema kabisa, huwapa ukaribu: nafasi ya kawaida iliyosogezwa mlangoni na kuchorwa alama. Kwa mwenye maradhi ya moyo au mapafu hiyo inatosha. Kwa mwenye kiti mwendo, mwenye magongo mawili, au mama anayembeba mtoto mwenye mtindio wa ubongo, jambo la kwanza ni upana, la pili ni usawa wa ardhi, na ukaribu huja wa tatu. Ukilielewa hilo kabla ya kuandika barua, utaandika barua tofauti.

Kupima kabla ya kuomba

Chukua futi kamba, nenda na mtu wa kukusaidia, na mpime gari likiwa limeegeshwa mahali pa wazi. Fungua mlango unaoutumia hadi ukomo, weka kiti mwendo au simama na magongo yako kama unavyofanya siku zote, kisha pima kutoka ubavuni mwa gari hadi pale kifaa chako kinapoishia. Wengi watapata kati ya sentimita 110 na 130. Nafasi ya kawaida ya kuegesha ina upana wa takriban mita 2.4 na urefu wa takriban mita 4.8 hadi 5. Gari dogo lenyewe lina upana wa takriban mita 1.7, kwa hiyo likikaa katikati ya mistari huachiwa sentimita 35 tu kila upande. Hapo ndipo inapotoka hesabu inayotumika katika nchi nyingi ya mita 3.6, yaani mita 2.4 za gari na mita 1.2 za kushukia. Uingereza hupendekeza kipande hicho cha mita 1.2 kichorwe mistari ya mshazari ili kionekane kuwa si cha kuegeshea. Marekani hudai kisipungue mita 1.52, na kwa gari kubwa lenye njia ya mteremko inayofunguka ubavuni upana wa kushukia hufika mita 2.44.

Pima pia upande. Sisi huendesha usukani ukiwa kulia, kwa hiyo dereva mwenye kiti mwendo anahitaji uwazi wa kulia, ilhali abiria anayekaa mbele anauhitaji kushoto. Baadhi ya magari madogo ya familia yana milango ya nyuma ya kuteleza, na huko mahitaji hubadilika tena. Anayepakia kiti mwendo kwenye buti naye anahitaji mita moja na nusu nyuma ya gari, jambo ambalo husahaulika nafasi inapochorwa ikiwa imeegemea ukuta. Mwenye bajaji aliyeifungia vifaa vya mkono hahitaji upana huo wote, lakini anahitaji mahali pa kugeuzia pasipo ngazi wala mfereji.

Ukimaliza, andika sentensi mbili au tatu za mahitaji yako kwa lugha ya kawaida: unatumia kifaa gani, unashukia upande gani, unaweza kutembea umbali gani bila kupumzika, na uwazi unaouhitaji ni sentimita ngapi. Sentensi hizo utazirudia kwa daktari, katika barua, na kwa mlinzi.

Nyaraka

Andaa jalada moja lenye nakala tatu za kila kitu. Karatasi ya kwanza ni ripoti ya daktari. Wanaotibiwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, maarufu kama MOI, au wanaopata vifaa saidizi katika hospitali ya CCBRT kule Msasani, kwa kawaida tayari wana jalada huko, hivyo ni rahisi daktari anayewafahamu kuwaandikia. Mweleze kwamba huhitaji historia nzima ya ugonjwa. Unachohitaji ni maelezo ya uwezo: kwamba hali ni ya kudumu au ya muda, kwamba unatumia kiti mwendo, magongo au mguu bandia, na kwamba huwezi kutembea zaidi ya umbali fulani. Ripoti inayosema tu «mgonjwa ana jeraha la uti wa mgongo» haimwambii meneja wa jengo kwa nini unahitaji mita 3.6, zaidi ya hapo, siri zako za kitabibu hazina sababu ya kulala kwenye meza ya afisa utawala.

Ya pili ni barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako, inayotolewa na mtendaji. Omba itaje ulemavu wako na madhumuni ya barua; ukisema «utambulisho» peke yake utapewa ile ya kawaida ya kufungulia akaunti. Ya tatu ni uthibitisho kutoka kitengo cha ustawi wa jamii cha halmashauri yako, iwe Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeweka utaratibu wa kuwasajili watu wenye ulemavu pamoja na kamati zinazoanzia mtaani na kupanda hadi halmashauri, na kujitambulisha kwa kamati ya mtaa kuna faida ya ziada, kwa sababu ombi linaloletwa na kamati kwa niaba ya wakazi kadhaa huwa zito kuliko la mtu mmoja. Kama una kadi ya uanachama wa chama kilicho chini ya SHIVYAWATA, yaani shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu nchini, iambatishe.

Ongeza nakala ya kitambulisho cha taifa, leseni ya udereva ikiwa unaendesha mwenyewe, na kadi ya gari. Hapa kuna mtego mdogo. Magari mengi yamesajiliwa kwa jina la ndugu, mwenza au mwajiri, na afisa akiona majina mawili tofauti huanza kuuliza maswali. Andika sentensi moja ya kueleza uhusiano huo, na mwenye gari aisaini.

Nani wa kumwomba

Dar es Salaam maegesho yana wenyewe wa aina mbalimbali, na barua nzuri iliyopelekwa mahali pasipohusika hurudi ikiwa imechakaa. Eneo la jengo la ofisi, la maduka makubwa au la nyumba za kupangisha liko chini ya meneja wa jengo, na huyu ndiye mwenye uwezo wa kukupa kibali kwa haraka zaidi: kadi au stika ya jengo yenye mhuri, na nafasi iliyochorwa. Eneo la hospitali, chuo au ofisi ya umma liko chini ya mkuu wa taasisi, na barua hupitia masjala. Msikitini na kanisani ni kamati. Huko mara nyingi mazungumzo baada ya swala au ibada hufanya kazi kuliko karatasi, ingawa karatasi ifuate.

Barabarani ni habari nyingine. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na TANROADS, na mitaa ya mjini husimamiwa na TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Ombi la kutengewa nafasi kwenye mtaa wa katikati ya jiji au Kariakoo hupelekwa kwa meneja wa wakala huo wa wilaya husika, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa afisa ustawi wa jamii. Usitarajie kutengewa nafasi yako binafsi barabarani; omba nafasi ya watu wenye ulemavu kwa ujumla, karibu na huduma inayotumiwa na wengi, kwa mfano kliniki, benki au mahakama. Usidhani pia kwamba stika yoyote uliyopewa na jengo inakufutia ushuru wa barabarani. Ushuru huandikwa kwa namba ya gari kwenye kifaa cha kielektroniki, na deni hulifuata gari. Kama unataka msamaha, uombe kwa maandishi katika barua hiyohiyo na usubiri jibu la maandishi. Neno la mkusanya ushuru wa kona moja halimfungi wa kona ya pili.

Barua

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Mfano huu nimeutumia mara kadhaa nikibadilisha maelezo tu:

«Yah: Ombi la kutengewa nafasi ya maegesho ya mtu mwenye ulemavu

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mpangaji katika jengo hili, ghorofa ya pili, na ninatumia kiti mwendo. Ninaendesha gari mwenyewe na ninashukia upande wa kulia, ambako ninahitaji uwazi usiopungua sentimita 120. Ninaomba nafasi moja iliyo kwenye ardhi tambarare, yenye upana wa mita 3.6, ichorwe alama ya kiti mwendo na kuwekewa kibao. Ninaomba pia kadi ya kuweka kwenye kioo cha mbele, yenye mhuri na tarehe ya ukomo, na walinzi wa zamu zote wajulishwe kwa maandishi. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya kufika katika majengo yanayotumiwa na umma bila vikwazo, na ninaamini ombi hili liko ndani ya dhamira hiyo. Niko tayari kufika ili tupime eneo kwa pamoja siku yoyote ya kazi kabla ya saa nne asubuhi. Naambatisha ripoti ya daktari, barua ya mtendaji na nakala ya kadi ya gari. Natanguliza shukrani.»

Sheria itajwe mara moja, kwa utulivu, katikati ya barua. Ikitajwa mwanzoni husomeka kama tishio, na barua hupelekwa kwa mwanasheria badala ya kwenda kwa fundi rangi. Anayetaka kuongeza uzito anaweza kukumbusha kwamba Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inahusu ufikivu. Nenda na nakala mbili, na hakikisha ya kwako inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Baada ya siku 14 rudi na nakala hiyo mkononi. Kwa uzoefu wangu, mtu anayerudi na nakala yenye mhuri hupelekwa kwa mhusika, na asiye nayo huambiwa barua haijaonekana.

Pingamizi utakalolisikia karibu kila mahali ni kwamba nafasi zenyewe hazitoshi. Jibu lake ni hesabu, kwa hiyo liandae mapema. Nafasi tatu za kawaida zina upana wa mita 7.2. Ndani ya mita hizohizo zinaingia nafasi mbili za mita 3.6, kwa hiyo jengo linapoteza nafasi moja na kupata mbili zinazotumika na watu wenye ulemavu. Kwa kulinganisha, sheria ya Marekani hudai nafasi moja kwa eneo lenye magari 1 hadi 25, mbili kwa magari 26 hadi 50, na nne linapofika magari 76 hadi 100. Meneja mwenye nafasi 60 akiombwa mbili, haombwi kitu cha ajabu.

Siku ya kupima na kuchora

Usikubali kuletewa taarifa kwamba nafasi imeshachorwa. Kuwapo siku ya kuchagua mahali ni muhimu kuliko siku ya kupewa kadi, kwa sababu rangi ikishakauka kila mtu huona kazi imekwisha.

Kwanza angalia mteremko. Ardhi ikiinama, kiti mwendo huanza kuondoka chenyewe wakati bado hujakaa, na mlango wa gari hukurudia kifuani. Kiwango kinachokubalika ni takriban sentimita 2 kwa kila mita. Kukipima ni rahisi: weka ubao ulionyooka wa mita moja chini, juu yake weka pima maji ya fundi, inua upande wa chini hadi tone likae katikati, kisha pima nafasi iliyobaki chini ya ubao. Ikizidi sentimita 2, sogeeni mahali pengine. Fanya hivyo kwa urefu na kwa upana wa nafasi, kwa sababu maeneo mengi ya jiji hili yameinamishwa makusudi ili maji ya masika yaende mferejini, na sehemu iliyo karibu na mlango mara nyingi ndiyo inayoinama zaidi. Hapa ndipo huwa naukubali umbali: bora mita 20 za pevingi iliyolala vizuri kuliko mita 5 za mteremko.

Pili, kagua kilicho chini na pembeni. Kokoto na mchanga havifai, kwani magurudumu madogo ya mbele huzama. Mfereji usio na mfuniko kando ya upande wa kushukia haufai kabisa, na mfuniko wa nondo zilizoachana humeza ncha ya gongo. Ukiweza, tembelea eneo mara moja mvua ikiwa imenyesha, uone maji yanatuama wapi.

Tatu, fuata njia kutoka nafasi hiyo hadi mlangoni, ukiwa kwenye kiti chako, bila kusukumwa. Mara nyingi hapo ndipo kuna ukingo wa sentimita 15. Njia ya mteremko inayokubalika ni uwiano wa 1 kwa 12, maana yake ukingo wa sentimita 15 unahitaji mteremko wa urefu wa sentimita 180, upana usiopungua 90. Mafundi wetu wakiachwa peke yao hujenga wa sentimita 60, ambao unafaa kupandishia pikipiki na ni hatari kwa kiti mwendo, kwani humpindua mtu kwa nyuma. Andika namba 180 kwenye karatasi na mkabidhi fundi.

Uchoraji wenyewe si mgumu. Ile alama ya mtu kwenye kiti mwendo, iliyobuniwa mwaka 1968 na mwanafunzi wa Denmark, Susanne Koefoed, na baadaye kuongezewa kichwa, huchorwa kwa rangi nyeupe juu ya bluu. Fundi akate umbo lake kwenye kadibodi ngumu na kulitumia kama kiolezo. Itumike rangi ya barabara, kwa sababu ile ya mafuta ya kupakia mageti huteleza ikilowa, na anayeteleza ni mwenye magongo. Kipande cha kushukia kijazwe mistari ya mshazari. Alama ya chini pekee haitoshi, maana gari likiegeshwa juu yake haionekani. Kuwe na kibao kilichoinuliwa mita 1.5 hivi.

Kibao kisimikwe ardhini kwa zege. Ule utaratibu wetu wa tairi kuukuu lililojazwa zege na kuchomekwa bomba hufaa mahali pengine, lakini hapa huishia kuwekwa katikati ya nafasi «ili isiibwe na wengine». Vivyo hivyo koni na minyororo. Nafasi iliyofungwa kwa koni humtaka dereva ashuke aiondoe, na dereva tunayemzungumzia hawezi kushuka mpaka awe ameshaegesha. Kama koni ni lazima, basi mlinzi awepo saa zote na awe anaona barabara ya kuingilia.

Kutumia nafasi yako

Kadi ikae kwenye dashibodi upande wa dereva, maandishi yakitazama nje, na namba ya simu ya ofisi iliyoitoa iwe inasomeka. Jua letu hufifisha wino wa printa ndani ya miezi michache, kwa hiyo ipakwe plastiki na uwe na nakala nyumbani.

Chagua namna ya kuingia kulingana na upande wako wa kushukia. Kama mistari ya mshazari iko kulia unapoingia kwa mbele, dereva wa kiti mwendo aingie kwa mbele. Kama iko kushoto, aingie kinyumenyume. Nafasi mbili zinazogawana kipande kimoja katikati hutumika vizuri mmoja akiingia mbele na mwingine nyuma, na walinzi wakilielewa hilo huwaelekeza watu bila kuambiwa.

Kibali ni cha mtu, hakihusu gari. Ndugu akilichukua gari lako kwenda sokoni, kadi ibaki nyumbani. Kama wewe ni dereva wa mama yako mwenye ulemavu, itumie nafasi hiyo anaposhuka au anapopanda, na si unapokwenda kumchukulia dawa peke yako. Najua foleni ya Kariakoo inavyoshawishi. Walinzi huona, na siku wakiona mara moja kijana mwenye afya akishuka anakimbia, hukumu hiyo hutuangukia sote.

Pamoja na hayo, tuwe waangalifu kuhukumu kwa macho. Mtu anayetembea mwenyewe anaweza kuwa na moyo dhaifu, mapafu yasiyompa pumzi ya hatua hamsini, au mguu bandia ndani ya suruali. Swali la mlinzi liwe «una kadi?», na likijibiwa, yaishe.

Ukikuta imekaliwa

Itatokea. Mazungumzo yake nimeyakariri. Mlinzi huja mbio: «Dada, samahani, huyo anatoka sasa hivi, dakika mbili tu.» Mimi humjibu: «Haya kaka, ila nitasimama hapahapa nyuma yake mpaka atoke, na naomba umpigie.» Kusimama nyuma ya gari hilo, taa za tahadhari zikiwaka, huleta mwenyewe haraka kuliko maneno, ilimradi usizibe njia ya wengine. Usitoe upepo, usikwaruze, usitukane. Ukifanya hivyo kosa linahama kutoka kwake kuja kwako. Piga picha moja inayoonyesha namba ya gari na alama iliyochorwa chini, andika tarehe na saa, na ipeleke kwa meneja. Picha tatu za mwezi mmoja zinatosha kuomba kikao, na katika kikao hicho omba jambo moja tu: kwamba agizo la nafasi hiyo liandikwe kwenye daftari la zamu, ili mlinzi mpya anayeletwa na kampuni ya ulinzi alikute. Walinzi hubadilishwa mara kwa mara, na karibu kila mgogoro niliowahi kuwa nao ulianza na zamu mpya.

Mtu wa juu akiegesha hapo, yaani mwenye jengo, mgeni wake, au gari lenye bendera, mlinzi hana la kufanya, na si haki kumsukumia yeye. Andika kwa meneja.

Ulemavu wa muda

Aliyevunjika mguu, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, au anayepata nafuu baada ya kiharusi anaweza kuomba kwa utaratibu huohuo, kwa ripoti inayotaja muda, tuseme miezi mitatu au sita. Wenye majengo hukubali ombi la muda kwa urahisi zaidi, na mara kadhaa nafasi iliyochorwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja imebaki hapo kwa faida ya wengine.

Anayesafiri au anayehamia nje

Barua na kadi zako za Dar es Salaam usizitegemee ng'ambo. Kila nchi ina kibali chake. Anayekwenda kuishi Uingereza huomba Blue Badge kwa halmashauri ya mahali anapoishi. England ada yake haizidi pauni 10, Scotland pauni 20, na Wales ni bure. Kadi hudumu hadi miaka mitatu. Ikiwa na saa yake ya karatasi iliyowekwa muda wa kufika, humruhusu mwenye nayo England na Wales kuegesha kwenye mistari ya njano kwa muda usiozidi saa tatu, mradi hapajakatazwa kupakia na kushusha mizigo. Tangu Agosti 2019, England imepanua vigezo kuwajumuisha wenye ulemavu usioonekana. Kuitumia vibaya kunaweza kugharimu faini ya hadi pauni 1,000. Fahamu pia kwamba maegesho ya maduka binafsi hujiwekea masharti yake, hivyo soma ubao kwanza.

Marekani kibali hutolewa na jimbo, kwa fomu inayojazwa na daktari. Miongoni mwa vigezo vinavyotumika sana ni kutoweza kutembea futi 200, yaani takriban mita 60, bila kupumzika. Katika majimbo mengi cha kudumu ni cha bluu na cha muda ni chekundu. Huning'inizwa kwenye kioo cha kutazamia nyuma gari likiwa limesimama, na huondolewa kabla ya kuendesha. Mzazi anayekwenda kumtembelea mwanawe California anaweza kuombewa kibali cha msafiri asiye mkazi, kisichozidi siku 90. Beba ripoti ya daktari wako ikiwa imetafsiriwa kwa Kiingereza na kugongwa mhuri kabla ya kupanda ndege.

Kuhuisha

Weka alama kwenye kalenda mwezi mmoja kabla ya kadi yako kuisha muda, na uombe upya kwa kurejea kumbukumbu namba ya barua ya kwanza, ili usianze tena na maswali ya mwanzo. Wakati huohuo kagua rangi: mistari ya mshazari huchakaa kabla ya alama ya katikati, kwa sababu hukanyagwa na magurudumu ya wanaokata kona, na ikishafutika kila dereva huhesabu pale kuwa nafasi ya pikipiki. Ukibadilisha gari, peleka namba mpya siku hiyohiyo kwa meneja na kwa walinzi, wa mchana na wa usiku, kwa kuwa wa usiku hutambua namba ya gari kabla ya sura yako.